Kaseti za mjomba: jinsi ya kusafisha tamasha la roki lililorekodiwa ndani ya koti

Zilifika mezani kwangu Bondeni, hapa Moshi, zikiwa ndani ya kopo la kahawa: kaseti mbili za dakika 90, zimeviringishwa kwenye kitambaa cha khanga. "Mjomba," mjomba akaniambia, maana sisi huitana hivyo hivyo, "humo ndani kuna Mzanzibari anawaimbia Waingereza uwanja mzima. Nataka nimsikie. Sasa hivi namsikia kama ametumbukia kisimani."

Mzanzibari mwenyewe ni Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Tarehe 9 Agosti 1986 kundi lake la Queen lilipiga Knebworth, kaskazini ya London, na hilo ndilo likawa tamasha lao la mwisho akiwa nao. Siku ile hakuna aliyejua. Mjomba alikuwa anasoma Uingereza, akaenda na jirani yake wa hosteli, kijana wa Mombasa, ambaye alificha kirekoda kidogo cha betri ndani ya koti. Wiki iliyofuata wakainakili kwenye deki ya milango miwili. Kaseti ya asili ilibaki kwa yule kijana. Mjomba akarudi Kibosho na nakala.

Nitaeleza nilivyozisafisha, pamoja na pale nilipoboronga. Kama ya kwako ni ya bendi ya dansi iliyopigwa ukumbini Arusha mwaka huohuo, kazi ni ileile. Jambo moja tu: nyimbo zina wenyewe. Safisha usikilize na wa nyumbani kwako, usizitoe nakala ukauza.

Anza kwa kutoipiga. Najua mkono unawasha, lakini kaseti iliyolala miaka karibu arobaini huwezi kuitia kwenye deki ukabonyeza tu. Ishike kwenye mwanga uangalie utepe kupitia kidirisha. Ukiona unga mweupe pembeni mwa mzingo, huo ni ukungu, na kwa masika yetu haya si ajabu. Ukiipiga unaupaka kwenye hedi, kile kipande cha deki kinachosoma utepe, na kuuhamishia kaseti nyingine. Kisha tazama mdomoni: nyuma ya utepe pana kipande kidogo cha sifongo au manyoya juu ya kibati. Hicho ndicho kinachoukandamiza utepe kwenye hedi. Kaseti ya pili ya mjomba kilikuwa kimedondoka, gundi imekauka. Nikafungua skrubu tano, nikahamisha kibati kutoka kwenye kaseti nyingine iliyokufa. Dakika kumi. Kama ganda lako limegandishwa bila skrubu, itabidi ulipasue taratibu kwa kisu na kuhamishia mizingo yote miwili kwenye ganda jipya. Fanya juu ya meza safi, na mtoto asiwepo karibu.

Halafu vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki mgongoni mwa kaseti, kama bado vipo. Ndivyo vinavyoruhusu kurekodi juu yake. Kaseti ya kwanza ya mjomba ilikuwa navyo, na nusu dakika yake ya mwanzo ina mtu anatangaza mpira, kwa sababu siku moja nyumbani kuna aliyebonyeza kitufe chekundu. Mpaka leo hakuna aliyekiri.

Usafi wa deki ni wa haraka. Pamba ya kijiti na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ile ya maduka ya vifaa vya elektroniki, kwenye hedi na kwenye kile kinondo cha chuma kinachovuta utepe. Rola ya mpira ipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kwani alkoholi huukausha mpira. Acha ikauke. Spiriti yenye rangi usitumie, inaacha mafuta. Na gongo, tafadhali, tuwaachie wenyewe.

Sasa naomba utulie, kwa sababu hapa ndipo sauti inapopatikana au kupotea, na kompyuta bado hujaiwasha.

Hedi ya deki inatakiwa isimame pembe mraba kabisa na utepe. Utepe wa kaseti unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde, polepole mno, kwa hiyo sauti nyembamba zinabanana: wimbi moja la Hz 10,000, yaani mitetemo 10,000 kwa sekunde, linachukua urefu wa chini ya maikromita 5 kwenye utepe. Nywele yako ni nene kuliko hapo mara kumi na zaidi. Hedi ikiinama kidogo tu, upande wake wa juu unasoma wimbi moja na wa chini unasoma linalofuata, yanauana, na matoazi ya mpiga ngoma yanageuka kuwa mtu anayefagia uwanja. Deki iliyorekodi ile kaseti Uingereza ilikuwa na mlalo wake. Deki yako ina wake. Hakuna sababu ya kufanana.

Nilifanya hivi. Nilitoa mfuniko wa plastiki wa mlango wa deki ili hedi ionekane. Pembeni mwa hedi kuna skrubu mbili. Moja imekazwa moja kwa moja, nyingine ina springi chini yake na mara nyingi tone la rangi juu. Hiyo yenye springi ndiyo yenyewe. Nikavaa hedifoni, nikaunganisha kushoto na kulia kuwa mono, yaani sauti moja, maana mono ndiyo inayofichua kosa, nikaiacha kaseti ipige pale ngoma zinapoanza peke yake. Kisha bisibisi ya saa, isiyo na sumaku, robo ya robo ya mzunguko.

Kwanza ikawa mbaya zaidi. Nikarudi, nikapita nilipoanzia, na hapo sauti ikafunguka kama mtu ameondoa blanketi mlangoni. Usisimame hapo. Endelea kuzungusha mpaka ianze kufifia tena upande wa pili, ndipo urudi katikati ya hizo fifia mbili. Nilikwenda na kurudi labda mara nane. Kutoka kisimani Mzanzibari alikuwa amepanda mpaka ukingoni, na sikuwa nimegusa programu yoyote.

Rudia kwa upande B, maana hausomi sawa na upande A. Ukimaliza kazi, rudisha hedi mahali pake kwa kutumia kaseti ya kiwandani isiyo nakala. Mimi nina ya kwaya moja, ndiyo mizani yangu. Ukisahau, wateja wanaofuata watakuuliza deki yako imeingia maji lini.

Kama deki yako ina kitufe cha Dolby, mfumo wa kupunguza mnong'ono wa utepe, sikiliza kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa kabla ya kurekodi. Nakala hizi hazikuwa nayo. Nilipoiwasha zilizibwa mara moja.

Kuingiza kwenye kompyuta: waya wa nyekundu na nyeupe kutoka nyuma ya deki kwenda kwenye kadi ya sauti ya USB yenye tundu la laini (line in). Tundu la maikrofoni la laptopu liache. Ni kali mno na mara nyingi ni la mono. Laptopu ichomoe kwenye chaja utumie betri, chaja nyingi huleta mlio. Programu ni Audacity, ya bure. Rekodi kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, na vilele vya sauti vifike karibu desibeli -6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), visiguse sifuri. Upande mmoja wa dakika 45 utakula kama megabaiti 780, kwa hiyo fungua nafasi mapema. Na chagua saa yako: umeme ukikatika dakika ya 40 unaanza upya, na utepe wa zamani hupendi kuupitisha mara nyingi. Mimi hurekodi alfajiri.

Ukishapata faili, ifunge. Nakala moja usiiguse kamwe. Fanya kazi kwenye nyingine.

Kirekoda cha mfukoni kilikuwa cha mono, lakini deki ya hosteli ilinakili stirio. Maana yake kushoto na kulia muziki ni uleule, ila mnong'ono wa utepe ni tofauti, kila upande na wake. Ukizijumlisha pande mbili na kugawa kwa mbili, muziki unabaki pale pale na mnong'ono unashuka desibeli 3. Bure kabisa, bila kuumiza kitu. Lakini hii inafaa tu kama hedi umeiweka sawa; hedi ikiwa imeinama, kujumlisha kunaua sauti nyembamba zote. Kama rekodi yako ni ya stirio ya kweli, usifanye.

Kasi ndiyo iliyonipa raha kuliko yote. Sauti ilikuwa juu, waimbaji kama wamevuta hewa ya puto. Nikafungua grafu ya masafa na kutafuta mngurumo wa umeme. Uingereza umeme wao ni Hz 50 kama wetu (Marekani ni 60, kumbuka kama tamasha lako limetoka huko). Kirekoda cha betri hakina mngurumo, kwa hiyo uliomo umeingia hosteli, siku ya kunakili. Nikakuta mlima mdogo kwenye Hz 51.5. Mngurumo wa deki yangu mwenyewe hukaa 50 kamili hata kaseti ikiwa haizunguki, kwa hiyo kilichohama ni cha kwenye utepe: mashine yangu ilikuwa inaupiga haraka kwa asilimia 3, ambayo ni kama nusu ya nusu toni. Nikashusha kasi kwa asilimia 2.9. Tumia kazi ya kubadilisha kasi, inayoshusha mwendo na noti kwa pamoja. Usitumie ile ya kubadilisha noti peke yake, hiyo inachakachua.

Nikadhani nimemaliza. Kisha nikasikiliza piano.

Piano haibadilishwi tuni katikati ya onyesho, na kwa kawaida noti yake ya A ni Hz 440. Kwangu ilisoma 444 kwenye wimbo wa mapema, na kadiri tamasha lilivyoendelea ikapanda, mpaka 449 karibu na mwisho. Hii si kosa la hosteli tena. Ni betri za kirekoda zilizokuwa zinakufa ndani ya koti: mota inapunguza mwendo wakati wa kurekodi, na ukija kuupiga utepe kwa mwendo wa kawaida, kila kitu kinapanda. Kwa hiyo mngurumo unarekebisha kosa la nakala, na piano inarekebisha kosa la asili, na huwezi kutumia mmoja kwa kazi ya mwingine. Nilikata wimbo kwa wimbo, nikapima, nikashusha kila mmoja kwa kipimo chake, kutoka asilimia 0.9 mpaka 2. Usiku mbili. Kama huna piano, tumia gitaa lililopigwa nyuzi tupu, ila jihadhari: wapo wanaoshusha nyuzi nusu toni kwa makusudi.

Mngurumo wenyewe uondoe kabla ya kugusa piano, ukiwa umekaa kwenye 50. Ukishashusha kasi wimbo kwa wimbo, nao utahama kila wimbo na kwake. Wengi hapa hukata 50, 100, 150 bila kuuliza. Noti ya G ya chini kwenye gitaa la besi ni Hz 49. Ukichimba shimo pana kwenye 50 unammeza John Deacon, mpiga besi wa Queen, pamoja na mngurumo. Mimi niliacha 50 ilivyo, nikakata 100 na 150 kwa kichujio chembamba sana.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Audacity ina kipunguza kelele: unaionyesha kipande chenye mnong'ono mtupu, nayo inautoa kwenye rekodi nzima. Nilichukua sekunde mbili za mwanzo wa kaseti ya pili, kabla muziki haujaingia, nikaweka desibeli 20, kwa sababu nilitaka mjomba ashangae. Alishangaa. Alikaa kwenye benchi langu na hedifoni, akasikiliza kama dakika tano, akazivua.

"Watu wamekwenda wapi?"

"Watu gani?"

"Mjomba, tulikuwa zaidi ya laki moja pale. Sasa anamwimbia nani?"

Nikasikiliza tena kwa masikio yake. Umati ulikuwa umegeuka mapovu, kama watu wanaoshangilia chini ya maji, na mwisho wa kila noti kulikuwa na vidudu vya bati vinalia. Kwa programu, watu laki moja walio mbali wanafanana sana na mnong'ono wa utepe. Haina namna ya kujua.

Tangu siku hiyo siweki zaidi ya desibeli 6. Mnong'ono unabaki, ndiyo. Sikio linauzoea ndani ya dakika moja, lakini mapovu haliyazoei kamwe. Badala yake nguvu nikazipeleka kwenye kazi ya mkono. Makofi ya mtu wa karibu, yanayopiga kama mbao, nilishusha moja moja desibeli 6, kwa mamia, nikiwa na chai. Kirekoda kilikuwa cha aina inayojipunguza chenyewe sauti ikizidi, kwa hiyo kila umati unapolipuka bendi inazama sekunde mbili kisha inaibuka. Hizo nilizichorea mstari wa kupanda taratibu, si kuzimaliza, kuzilainisha tu. Pale kaseti ya asili ilipogeuzwa, wimbo unakatika ndani ya ubeti na kurudi kwenye kiitikio. Niliififiza na kuirudisha, basi. Usijaze pengo kwa kipande cha onyesho jingine bila kuandika popote. Miaka kumi baadaye hata wewe utadanganyika.

Ikabaki ekwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba, na hapo nikakwama. Muziki wote ulikuwa umevimba kati ya Hz 150 na 300, ile sauti ya spika iliyofunikwa godoro. Nikapunguza desibeli 4 hapo, nikaongeza 3 kati ya 2,000 na 4,000 ambako maneno ya mwimbaji yanakaa. Juu ya 10,000 sikugusa, hakuna kitu kule zaidi ya mnong'ono. Nusu saa ya kwanza ikapendeza. Baada ya hapo ikawa kali, inachoma masikio, sauti kama bati. Nikalegeza, ikawa nzuri mwishoni na mwanzo ukarudi godoroni. Siku tatu nazungushana nayo. Bendi ni ileile, spika ni zilezile, nini kimebadilika?

Ilinibidi nirudi kwenye ile faili niliyoifunga, isiyoguswa. Dakika ya 31, kati ya wimbo na wimbo, kuna mkwaruzo mkubwa wa nguo, kisha sauti inang'aa ghafla. Na kabla tu ya mkwaruzo, chini ya kelele zote, mtu anaongea Kiswahili. Kwenye toleo langu la desibeli 20 alikuwa amefutwa kabisa, ndiyo maana sikumsikia. Niliongeza sauti, nikarudia mara nne tano.

"Shika koti, nakuja."

Kwa hiyo kama rekodi yako inabadilika tabia katikati, usiilazimishe ekwalaiza moja. Tafuta mahali kirekoda kilipohama, kata hapo, kila kipande kipe mipango yake, kisha uviunganishe kwa mpito wa nusu sekunde. Vipimo vyangu vya mwisho: kabla ya dakika ya 31, punguza 4 na ongeza 3 kama nilivyosema, baada ya hapo, punguza 2 na usiongeze chochote.

Faili za mwisho hifadhi kwa FLAC, zinapungua ukubwa bila kupoteza kitu. MP3 toa kwa ajili ya simu tu. Weka sehemu mbili tofauti, flashi na diski ya nje, pamoja na maandishi mafupi ya ulichofanya: kasi, vichujio, mapengo. Kaseti zenyewe usitupe. Zipige mpaka mwisho bila kuzikimbiza, zisimamishe wima, mahali pakavu, mbali na spika.

Mjomba alikuja Jumamosi. Nilimwekea moja kwa moja dakika ya 30 bila kumwambia kitu. Alifumba macho. Ilipofika ile sauti alizishika hedifoni kwa mikono miwili, akanyamaza mpaka wimbo uliofuata ukaisha.

"Alikwenda kutafuta choo," akasema. "Hakurudi mpaka taa zinawashwa. Kaseti niligeuza mimi, kwa kupapasa." Akafikiri kidogo. "Hebu, inasikika vizuri kuanzia hapo, sivyo?"

"Kuanzia hapo kabisa."

"Basi andika."

Nikachukua kalamu, na chini ya jina la bendi na tarehe nikaandika kwenye lebo: kuanzia dakika ya 31, koti limeshikwa na mjomba.